Alama Yangu ya Chaki

Sogeeni wanangu, na wewe binti yangu mkubwa zima hiyo televisheni, maana leo hata mbio za magari sizitaki, na mkinisikia mimi nasema hivyo jueni kweli nimefika mwisho. Kaeni. Msinikatize, pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhesabu, na hili ninalotaka kulisema nimelikalia miaka ishirini na tisa.

Gereji ni yenu wote watatu. Msiiuze, msiigombanie, na funguo ashike binti mkubwa kwa sababu yeye ndiye fundi, nyie wawili mna midomo tu. Hayo ni mepesi. Zito ni lile benchi la mbele ya gereji, ambapo kila Jumamosi watu hubishana nani dereva na nani mbabaishaji, na ubishi ukikosa mwamuzi mtu husema, "Mwiteni Profesa." Profesa ni mimi, nanyi mmekua mkijivunia jina hilo. Leo nawaambia nilivyolipata, na naomba msinitazame usoni.

Enzi zile mashabiki tuligawanyika pande mbili. Kulikuwa na Radi, aliyeingia kila kona akiwa amekanyaga mafuta, na kulikuwa na Kimya, aliyeendesha taratibu mpaka unadhani amelala, kisha unashangaa kakupita. Mimi nilikuwa fundi wa Radi. Baba yenu mdogo, ndugu yangu wa tumbo moja, alikuwa fundi wa Kimya. Tulibishana kuanzia chai ya asubuhi. Mimi nilisema gari ni injini, mengine mbwembwe. Yeye alisema gari ni uzito, ukilipunguzia kilo umeliongezea nguvu bila kugusa injini. Basi akachonga mikono ya kushikia magurudumu ya mbele, myembamba, ya chuma chepesi alichokitafuta mwenyewe, nami nikamcheka mbele ya benchi zima, "Hiyo mikono ya mgonjwa!" Nikala kiapo kwamba haitamaliza mizunguko kumi. Ee, mdomo huu!

Sasa, tulikuwa na utaratibu wetu. Kabla ya mbio, fundi wa upande huu anakagua gari la upande ule, akiridhika anachora alama ya chaki kwenye tairi, na gari lisilo na alama haliingii barabarani. Siku ile nililala chini ya gari la Kimya nikitafuta ufa kwenye mikono ya mdogo wangu. Sikuupata hata mmoja, kazi ilikuwa safi mpaka nikaona wivu. Nilichokiona ni kibano cha paipu ya breki kimechomoka, na paipu inasuguana na gurudumu kila usukani ukikatwa kushoto. Kazi ya dakika mbili, na spana nilikuwa nayo mkononi. Nikajiambia itavuja kidogo tu, Kimya atapunguza mwendo na kujitoa kabla ya mzunguko wa kumi, Radi atapita, na kiapo changu kitakuwa kimetimia. Nikatoka chini ya gari, nikachora alama.

Mzunguko wa nane, kona ya kushoto, Kimya alikanyaga breki, breki hakuna. Alitoka hai. Yule mzee wa magongo anayetengeneza saa, mnayemwamkia kila siku, ndiye Kimya. Ile mikono ya chuma ya mdogo wangu ilivunjika kwa kugonga ukuta, lakini watu waliiona imevunjika, wakakumbuka maneno yangu, wakaanza, "Si alisema? Huyu ni profesa huyu!" Mimi nilifika kwenye gari wa kwanza, nikakata kipande cha paipu kilicholika, nikakitia mfukoni. Mdogo wangu akaja, akaniuliza, "Kaka, wewe ndiye uliyekagua. Mikono yangu ilikuwa na kosa?" Nikamjibu, "Nilikuonya."

Neno moja hilo, wanangu. Hajashika spana tena, akaenda kulinda maghala ya watu, yeye mwenye akili ile. Na wala hakunichukia, hilo ndilo linaloniua kuliko ugonjwa huu. Anakaa pembeni ya benchi, watu wakitaja uzito wa gari anainamisha kichwa, na mimi naendelea kupiga domo. Naona haya. Mnaponisifu kwa wageni natamani ardhi ipasuke, na bado nilikuwa nakaa na kuchekelea.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Juu ya kabati kuna kopo la biskuti, shusheni. Paipu imo humo. Nilipanga mlipeleke kwa baba yenu mdogo nikishazikwa, muone nilivyo mwoga. Lakini nimemsikia sasa hivi sebuleni, amekuja na gazeti lake kama kila siku, kuniuliza kesho nampa nani ushindi. Mwiteni. Akiingia mpeni kopo alifungue mwenyewe. Akinitukana msimjibu, akiondoka msimbembeleze kwa niaba yangu. Jumamosi simameni pale benchini mseme yote, na hilo jina la Profesa lisitajwe tena pale. Kwa Kimya mwende kesho, wote watatu, mkamwambie ni mimi.

Mungu awalinde, wanangu. Awape moyo wa kusema "nimekosea" siku hiyohiyo, mtu akiwa bado amesimama mbele yenu anawauliza. Mpendane... mbishane, lakini mpendane. Sauti inaniishia. Nikishindwa, binti yangu, malizia wewe, anzia pale kwenye chaki.

Haya. Fungueni mlango.

Ingia, mdogo wangu. Kaa hapa, karibu... karibu zaidi. Acha gazeti. Uliniuliza siku ile... ile mikono yako... haikuwa na kosa.