Goti Langu na Kiti Alichokiweka Marehemu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, nyosheni miguu kwanza. Hapo hapo mlipokaa. Likunjeni goti, kisha linyosheni tena. Likitii bila kelele, mshukuruni Mola halafu mnisikilize, maana hata langu lilikuwa likitii. Na msiseme haya ni mambo ya vikongwe. Nimewaona huko Ukunda mnavyopanda baiskeli, kiti mmekishusha mpaka chini kabisa, magoti yanagonga usukani, ati ndiyo mtindo. Kaeni niwaambie.

Maneno haya niliyasema mbele ya kina mama wenzangu wa chama chetu hapa Msambweni, siku ambayo kila mmoja alisimama kueleza lililomwangusha na lililomwinua. Wakanishika niyaandike. Mimi shule niliishia darasa la tatu, mengine nikayapata chuoni kwa mwalimu wa Kurani, basi naandika kama ninavyosema. Jina la mtu sitalitaja. Aliyenitendea wema anajijua, na aliyenicheka anajijua zaidi.

Ndugu zangu, mimi ni mama karanga. Nanunua samaki kwa wavuvi wa Bodo, nawaleta nyumbani, nawakaanga, jioni nawauza. Kazi hii niliianza mwanangu wa kwanza hajaota meno, na sasa mwana huyo ana mvi. Nilianza kwa miguu, beseni kichwani, maji ya samaki yakinitiririka shingoni. Kisha ikaja baiskeli.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akikata majani katika bustani ya hoteli moja Diani. Huko akapata baiskeli ya kike, ya kijani, ile isiyo na chuma cha kupita katikati. Akaja nayo akiipanda mwenyewe. Fikirini mwanamume mrefu vile, juu ya baiskeli ya kike, watu wakimzomea tangu Gazi mpaka mlangoni pangu. Akashuka, akaiegemeza ukutani, akasema, "Hii ni yako."

"Yangu mimi? Watu watasema nini?"

"Watasema. Wakimaliza kusema, wewe utakuwa umeshafika Bodo."

Alinifundisha baada ya alasiri, kwenye njia ya mchanga nyuma ya nyumba. Nilikuwa naogopa kuanguka kama paka anavyoogopa maji. Basi akachukua spana, akakishusha kiti mpaka mwisho wake, nyayo zangu zote mbili zikakanyaga chini. Akashika keria kwa mkono mmoja, mkono mwingine akashika kikoi kisimwache uchi, akawa anakimbia nyuma yangu. "Angalia mbele! Gurudumu usilitazame, halikimbii!" Siku hizo upepo ukitoka upande wa Ramisi ulikuwa unakuja na harufu ya sukari inayopikwa, na lori za miwa zikipita zilikuwa zinaangusha mbili tatu barabarani. Tulikuwa tukimaliza somo tunaketi ukingoni, tunamenya muwa kwa meno, yeye anahema, mimi namcheka. Nawaambia, nimekula karamu nyingi katika maisha yangu. Utamu wa muwa ule sijauonja tena.

Kina mama walinicheka, msione leo wananisifu. "Mke wa fulani kawa posta!" Maana waliyezoea kumwona juu ya baiskeli ni mpeleka barua. Nami nilikuwa napiga kengele tu, napita. Baada ya mwaka wakawa wananituma, "Posta, niletee changu wawili, wanono."

Mume wangu aliondoka kwa maradhi ya siku tatu. Nikakaa eda yangu, kanzu zake nikazifungia sandukuni zisiguswe, na baiskeli ikakaa stoo. Nilipotoka eda nikaifuta vumbi, nikaikalia, nikaona kiti kipo pale pale alipokiweka. Nikajiambia, hapa pana mkono wake. Tangu siku hiyo nimebadilisha matairi, mnyororo, pedeli, hata usukani. Kiti, hapana. Fundi mmoja alipeleka spana kwenye nati ile, nikampiga kofi la mkono. Mtu mzima yule, ana wake wawili.

Sasa goti.

Lilianza la kulia. Nikikanyaga pedeli, chini ya kile kifuniko cha goti nasikia kitu kama changarawe. Nikishuka kibarazani, linachoma. Nikiinuka kwenye kibao cha kukaangia, nashika ukuta. Kisha la kushoto likamfuata mwenzake. Nikawa nikisujudu siwezi kuinuka, mpaka nikaanza kuswali juu ya kiti. Kwenye maulidi ya jirani mmoja wakaniletea kiti mbele ya watu, nikamsikia mtu nyuma yangu, "Posta leo kaletewa ofisi!" Wakacheka. Nami nilicheka. Nyumbani sikucheka.

Kila mtu alikuwa na dawa. Huyu kasema ni baridi yabisi, nijipake mafuta ya nyonyo. Yule kasema habasoda. Nikapigwa hijama, damu ikatoka nyeusi, nikapata nafuu ya siku nne. Mwingine kasema ni jicho la watu, maana nimezidi kuonekana barabarani. Nikaacha kwenda Bodo. Nikawa naletewa samaki na wapita njia, mabaki ambayo wenzangu wamekwisha kuchagua, macho mekundu kwa kulala. Wateja wangu waliacha kuja.

Wanangu wakakaa kikao bila mimi, kisha wakaniita. Mkubwa akasema, "Mama, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika. Baiskeli tutampa mtu mwenye nguvu."

Nikasema, "Yaguju! Mtaitoa mkishanitoa mimi."

Nilijua wananipenda. Lakini nilijua pia kuwa baiskeli ile ikitoka mlangoni, mimi nabaki mtu wa kuletewa. Kuletewa samaki, kuletewa maji, kuletewa habari. Tangu zamani mimi ni mkali, nyote mwajua. Miezi ile nikawa mchungu. Ukali na uchungu si kitu kimoja, ndugu zangu. Mkali watoto wanamtii, mchungu wanamkimbia. Wajukuu wakawa wakisikia mlango wangu, wanatokea wa nyuma.

Ndipo nikaenda hospitali, nikapelekwa kwa daktari wa mazoezi ya viungo. Binti wa bara, mdogo kama mjukuu wangu. Alinishika goti, akalikunja, akalisikiliza, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia.

"Na unaendanga huko Bodo na nini, nyanya?"

"Kwa baiskeli."

Akaacha kuandika. "Basi kesho kutwa kuja na hiyo baiskeli."

Kiswahili chake cha bara, lakini masikio yake yamekamilika. Maana wote walioniuliza kabla yake waliuliza umri wangu, hakuna aliyeuliza nafikaje kazini. Nikaenda na baiskeli, naikokota. Askari wa lango akanizuia. "Bibi, baiskeli hazitibiwi hapa."

"Tena hii ndiyo mgonjwa. Mimi nimeisindikiza."

Binti akanipandisha, nikazunguka uwanja wa hospitali mara moja tu. "Simama, simama! Nyanya, goti inafika kwa kifua, unakaa kama panzi!" Akaniinamia akanieleza taratibu. Pedeli ikiwa chini, mguu unatakiwa unyooke, ubaki na mkunjo mdogo tu. Wangu haukuwa unanyooka hata kidogo. Kila nikikanyaga, kile kifuniko cha goti kinabanwa, na toka Msambweni hadi Bodo nakanyaga mara ngapi? Akasema umri upo, haukatai, lakini kiti ndicho kinachonimaliza. "Pandisha kiti, nyanya."

Nikamwambia, "Mwanangu, kiti hicho hakipandi. Alikiweka marehemu mume wangu."

Akaliacha hilo. Adabu anayo. Akanifundisha kuketi na kunyoosha mguu mmoja mbele, kuushikilia nikihesabu kumi, kuushusha polepole, asubuhi na jioni. Nikafanya. Kwa ukaidi wangu nikafanya yote aliyosema isipokuwa lile moja.

Wiki za kwanza nikaona nafuu, nikajiona mjanja. Nikaenda Bodo. Wavuvi wakanipokea kwa shangwe, "Shikamoo mama, tulidhani umehamia mjini!" Nikajaza beseni, nikarudi. Kwenye kile kimlima kabla ya barabara kubwa nikakanyaga pedeli, goti likakataa. Halikuuma, lilikataa. Nikaenda upande na baiskeli, na beseni, na kila kitu. Samaki wote mchangani. Nikabaki nimekaa pale, mguu hauninyanyui, nikiwafukuza nzi kwa leso.

Mpita njia akapeleka habari nyumbani, na aliyekuja kunichukua ni wifi yangu, dada wa marehemu. Sisi ni watani tangu ujana. Akanikuta, hakunipa hata pole.

"Wewe wataka kumfuata kaka yangu kwa baiskeli?"

"Ninyanyue, usinihubirie."

"Daktari alikwambia upandishe kiti. Umepandisha?"

"Kiti usikitaje. Pale pana mkono wake."

Wifi akakaa mchangani kando yangu. "Mkono wake! Basi nikukumbushe, maana nilikuwepo. Ulipokwisha kujua kuendesha, kaka alitoka na spana akipandishe. Wewe ukatoka jikoni na mwiko. Ukasema, ukigusa kiti hicho narudi kwetu! Akakuambia, mke wangu, utaumia miguu. Ukamwambia, bora niumie miguu kuliko nianguke. Akacheka, akaitia spana mfukoni. Akarudi tena mara ya pili, ukamfukuza tena. Wifi, kiti kile si mkono wake. Ni woga wako."

Ndugu zangu, mimi silii ovyo. Siku ile nililia mbele ya samaki waliokufa. Maana nilikumbuka. Niliukumbuka mwiko, nikamkumbuka alivyocheka na ile spana ikining'inia mfukoni. Mtu ameishi na mimi miaka yote ile akitaka kuninyoosha mguu, nami namkatalia. Alipokufa nikauchukua ukaidi wangu, nikauita mapenzi yake, nikaulinda.

Kesho yake nilimwita yule yule fundi niliyempiga kofi. Nikamwomba radhi kwanza. Chuma cha kiti kilikuwa kimeshikwa na kutu, hakitoki. Akakimwagia mafuta ya taa, tukakiacha siku mbili, akarudi na nyundo. Kilipotoka kililia. Tukapima kama binti alivyosema, kisigino juu ya pedeli iliyo chini, mguu unyooke. Lakini hatukukipandisha siku moja. Tulikipandisha upana wa kidole, nikazoea, kidole kingine, nikazoea.

Taabu ilikuwa miguu kutofika chini. Nikawa mwanafunzi upya, uzeeni, kwenye mchanga ule ule nyuma ya nyumba. Wifi ndiye aliyeshika keria.

"Angalia mbele, kizee!"

"Kizee ni mamako!"

"Mamangu ni mkweo, chunga ulimi!"

Tulianguka sote wawili. Majirani walitoka kutazama, wakaleta mpaka viti.

Sitawadanganya kwamba nimepona kama msichana. Asubuhi ya baridi goti hunisalimia. Vimlima nashuka nakokota, sioni aibu. Mazoezi sijaacha. Lakini naenda Bodo mara tatu kwa wiki na kurudi, nachagua samaki wangu mwenyewe, na naswali nikisujudu chini, na kuinuka nainuka. Wajukuu wamerudi mlango wa mbele.

Namshukuru Mola kwanza. Namshukuru yule binti wa bara aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Fundi, kwa kunisamehe kofi. Wanangu, kwa sababu walinipenda hata walipokosea. Na wifi yangu, aliyekaa mchangani akaniambia kweli bila kuipaka sukari. Ukiwa na mtu kama huyo usimnunie.

Funzo langu ni hili. Maumivu yakija, usikimbilie kusema ni umri au ni jicho. Tazama kwanza unavyokaa, unavyobeba, unavyoinama kila siku. Na wewe uliyefiwa, mpende maiti wako, mwombee, mtolee sadaka. Lakini usimsingizie. Kabla hujasema "alitaka hivi", jiulize ni yeye aliyetaka au ni wewe.

Siku ya kwanza niliporudi kutoka Bodo bila kushuka njiani ila kwenye kile kimlima, nilishusha beseni, nikawaita wote wa nyumbani, wana, wakaza wana na wajukuu. Nikawaambia wafungue lile sanduku la kanzu za marehemu.

Mkubwa akastaajabu. "Mama, si ulisema zisiguswe?"

"Nilisema. Sasa nasema hivi: zitoeni, zioshwe leo, zivaliwe Ijumaa. Na atakayeona yake ndefu, aende kwa fundi cherehani ikakatwe."