Mama Kamusi na Kesi ya Kesho Kutwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufasiri nyaraka za mahakama yetu, mfasiri mkuu, Mama Kamusi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Alianza na taipureta iliyoruka herufi moja kila mstari. Anaondoka akiwa amefunza wafasiri tisa, na hakuna hata mmoja anayethubutu kukisia neno mbele yake.

Kukisia ndiko anakokuchukia. Mimi ninayeandika mistari hii, karani wa masjala, najua kwa nini.

Mwaka wake wa kumi na mbili kazini, jaji mmoja mpenda Kilatini aliandika kwamba kesi ya fundi cherehani, mjane, ilikuwa “perendinated”. Shemeji wa mjane huyo alitaka kumtoa kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Neno lile sikulijua, na kuuliza nikaona haya. Nikamwambia mjane kesi imeahirishwa, aende zake, ataitwa.

Punde nakala ikafika mezani kwa Mama Kamusi. Akafunua kamusi ya Kilatini, akaruka kitini kama aliyeumwa na siafu.

“Mwanangu, yule mama umemwambia nini?”

Nikamweleza.

“Nani atamwita? Kesi ni kesho kutwa! Asipofika, nyumba imekwenda!”

Akavua viatu, akashuka ngazi za ghorofa tatu mbio, mimi nyuma nahema. Alimdaka mjane getini, mguu mmoja tayari uko barabarani.

Siku ya kesi shemeji aliingia akitabasamu. Tabasamu likamkauka: mjane alikuwa benchi la mbele, nyaraka mkononi. Nyumba ikabaki yake na wanawe.

Ofisi nzima tulishangilia! Mama Kamusi, macho yakimng'aa, akatueleza kwamba kwa Kilatini “cras” ni kesho, ndiko Waingereza walikopata “procrastinate”, kusogeza jambo hadi kesho. “Perendie” ni kesho kutwa, na humo likazaliwa “perendinate”, neno ambalo hata Waingereza wengi hawalijui.

“Kumbe hata uvivu una madaraja!” akasema, tukaangua kicheko.

Jaji alipouliza nani alimpotosha mjane, Mama Kamusi alijibu kwamba ofisi ilikosea na ofisi imerekebisha. Jina langu hakulitaja, siku ile wala baadaye. Leo najitaja mwenyewe.

Shikamoo, Mama, na ahsante. Kapumzike kwa raha, afya ikufuate kila uendako, na wajukuu wakuchekeshe mpaka mbavu ziume.