Mpaka Honi Ilie

Assalamu alaikum. Na nyinyi wa kanisani, Bwana asifiwe. Mniitikie nyote, msiniache nimesimama peke yangu hapa.

Ahsanteni. Mwenyekiti ameniomba nieleze yaliyonipata wakati wa yale maji ya mafuriko, na kabla sijainuka akanishika shati akaninong'oneza, "Lakini usiuze kitu." Mnacheka kwa sababu mnanijua. Nimesimama mbele za watu miaka mingi, ila kila mara nilikuwa na bidhaa mkononi. Leo mikono mitupu, na kusema kweli sijui niiweke wapi.

Kwa wageni wetu: mimi ni mtu wa Kipini, na kazi yangu ilikuwa kuuza geimu. Zile mashine ndogo unazochomeka kwenye televisheni, na kaseti zake za plastiki, za njano, za bluu. Wenye jenereta na vibanda vya video walinunua ili wawachezeshe vijana. Nilizichukua Mombasa nikazitembeza Garsen, Hola, hadi Madogo, kwa basi.

Biashara yangu ilikuwa na mtindo wake. Basi likifika hapa Garsen, abiria walishuka kula na wengine kuswali. Mimi nilitandika mkeka pale steji nikapaza sauti: "Bei ya leo! Mpaka honi ilie!" Dereva akishiba, hupiga honi. Hapo bei imekwisha, nakunja mkeka, napanda. Asiyenunua angoje safari nyingine, na safari nyingine ina bei yake. Sikumdanganya mtu. Honi ililia kweli na mimi niliondoka kweli. Lakini ndugu zangu, nawaambia, sijaona kitu cha kumtia mtu haraka kama honi. Watu waliokuwa wamesimama mbali, mikono nyuma, wanatazama tu, honi ikiguswa kidogo walikuja mbio wakipigana vikumbo. Hata waliokuja sokoni kununua chumvi wamewahi kurudi nyumbani na geimu ya magari, na televisheni hawana. Mji mzima huu niliufundisha kukimbilia mkeka wangu honi inapolia. Mlikuwa wanafunzi wazuri sana.

Sasa siku yenyewe. Mvua za Elnino zilikuwa zimenyesha hadi tukaacha kuzizungumzia. Nilikuwa natoka Hola narudi nyumbani. Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza na mwezi wake ulikuwa umeingia. Nilipoaga nilimwahidi nitakuwepo. Alinitazama akasema, "Usipokuwepo nitamwambia mtoto baba yake ni basi la Garsen." Tulicheka wote wawili.

Tulipofika hapa, dereva alikuwa ameambiwa maji yameanza kuvuka barabara huko mbele, akatuomba tusiende mbali. Nikajiambia, dakika chache tu. Nikatandika mkeka.

Mara honi ikalia. Ikalia tena, ikawa haikatiki. Dereva alikuwa ameegemea honi kwa mkono mzima, anawaambia watu kwa njia pekee aliyokuwa nayo: maji yanakuja, pandeni, kimbieni. Na mji ukasikia nini? Mji ukasikia bei inakwisha.

Mlitoka madukani. Mlitoka hotelini na mikono ina mchuzi. Mkanizunguka pande zote. "Nipe ya mpira!" "Nishikie ile ya magari!" Mama yule pale wa kanga nyekundu, usijifiche, wewe ulinivuta mkono karibu uning'oe bega. Na mimi niliuza. Nilifurahi, nisiwafiche, nilidhani dereva ananifanyia hisani kwa kuongeza honi. Nilipoinua kichwa niliona paa la basi linapita nyuma ya vichwa vya watu. Nikaita. Nani angenisikia? Zile kelele niliwazoesha mwenyewe.

Lilikuwa basi la mwisho. Jioni ile maji yalikuwa yanazunguka miguu ya meza hotelini, na siku zilizofuata barabara ikawa haipo, mbele wala nyuma.

Yaliyofuata mnayajua, tulikuwa pamoja. Tulihamia pale palipoinuka tukafunga maturubai. Nyinyi mlikuwa na watoto wa kuhesabu, mbuzi wa kushika, wazee wa kubeba. Mimi nilikuwa na katoni moja ya kaseti zilizoloa. Simu hazikufanya kazi. Hakuna aliyetoka Kipini, hakuna aliyekwenda. Kisha homa ikanishika, na ilipopungua iliniacha bila hamu ya chochote. Nililala nimegeukia turubai, mgongo kwa watu. Nilihesabu kwamba mke wangu sasa ameshajifungua au amekufa, na kwamba kwa vyovyote sikuwepo. Nikaacha kula. Nikaacha kuzungumza pia, mimi niliyekula kwa mdomo wangu maisha yangu yote. Niseme wazi: nilikuwa nangoja nife, na sikuona kwamba ni hasara.

Jirani yangu wa turubai alikuwa mama mtu mzima kutoka kijiji cha Ngao. Kila asubuhi aliniwekea uji karibu na kichwa. Jioni alichukua kikombe kikiwa kimejaa, na kesho yake akaleta tena. Sijui angeendelea hivyo hadi lini.

Ikaja siku vijana wawili wakaketi mlangoni pangu. Mmoja ni wa Ngao pia, fundi wa baiskeli. Wa pili ni Morma, mtu wa kabila la wafugaji, ng'ombe wa baba yake wengine walisombwa na waliobaki wakafa kwa maradhi. Hawakuja kuniona mimi. Waliiona ile katoni, na wote wawili walikuwa wateja wa vibanda vya video. Wakaanza kubishana. Televisheni hakuna, umeme hakuna, nchi yote ni maji, na watu wazima wawili wanabishana geimu ipi ni bora.

Fundi alishikilia ya matofali, ile ambayo matofali yanashuka kutoka juu nawe unayapanga, mstari ukijaa unafutika.

"Ile inataka akili," alisema. "Hukimbii. Unatulia, unatazama kinachokuja, unakitafutia nafasi."

"Ile mtu nacheza peke yake," Morma akamjibu. "Hiyo si mchezo. Hiyo ni kukaa na mawazo." Yeye alipenda ya vifaru vya vita. "Vifaru iko watu wawili. Wewe nalinda boma, mwenzako nalinda wewe."

"Piga, piga, piga, ndiyo akili hiyo?"

"Sasa boma nalindwa na matofali?"

Waliendelea hivyo, na kesho yake wakarudi, na keshokutwa. Watu wa makabila hayo mawili, wakulima na wafugaji, ndugu zangu, mnajua wanachobishania kwa kawaida: shamba, malisho, njia ya kwenda mtoni. Hawa walitukanana kwa ajili ya matofali wakiwa wanacheka. Nilisikiliza nimewapa mgongo.

Mwisho Morma akanigusa bega. "Wewe mwenye mali, sema. Wewe napenda gani?"

Sikuwa nimetamka neno siku nyingi. Sauti ilitoka kama si yangu. Nikasema, "Sijacheza hata moja."

Morma akauliza polepole, "Wewe nauza maziwa, na hujaonja?"

Nikageuka. Ilibidi nione uso wa mtu aliyeniuliza hivyo. Na ni kweli, sikuwa nimewahi kucheza. Ningecheza saa ngapi, na honi inalia? Vijana hawa walizijua kaseti zangu ndani nje, na mimi nilijua rangi zake tu.

"Haya, toka," fundi akasema. "Utafundishwa."

Uwanja waliuchora kwa kijiti kwenye tope lililoanza kukauka. Chini katikati, boma. Vifaru vyetu viwili vilikuwa kokoto. Maadui walikuwa punje za yale mahindi ya njano ya msaada, na mama wa Ngao alizitoa kwa sharti kwamba mchezo ukiisha zirudi chunguni. Fundi aliwasogeza maadui, mimi na Morma tukalinda. Kila mmoja hatua moja, kwa zamu. Sheria ni rahisi: boma likiguswa mmeshindwa, hata kama vifaru vyenu ni vizima.

Ili niweze kukaa juani ilibidi ninywe uji. Nikanywa. Yule mama alichukua kikombe kitupu, akakitazama ndani, akaenda zake.

Nilikuwa mchezaji mbaya. Kila mara nilitoka mbio kwenda juu kuwafuata maadui, nikawaua wengi, na nyuma yangu punje moja ikashuka taratibu ikaingia bomani. Tukashindwa. Tukaanza upya, nikafanya vilevile. Watu walikuwa wameshakusanyika, kila mtu ananielekeza, maana hapa kwetu hakuna asiyejua mchezo wa mwenzake. Tuliposhindwa tena, Morma alikitupa kijiti chini.

"Wewe nakimbia sana! Kila siku uko mbali! Boma nani nakaa?"

Alisema kwa ajili ya kokoto, hakujua lolote jingine. Lakini mimi nilianza kulia pale pale, mbele ya watu, mtu mzima, machozi yanadondoka kwenye uwanja. Morma aliingiwa na hofu, akawa ananiomba msamaha, akasema basi kimbia, kimbia tu, ni mchezo. Ndipo nikawaeleza. Habari ya mke wangu, mimba, ahadi, basi. Katika turubai zote zile sikuwa nimemwambia mtu hata mmoja.

Hapo ndipo nilipogeuka, ndugu zangu. Hakuna muujiza mwingine. Nilitamka jambo lililokuwa linaniua, na waliolisikia hawakunihurumia tu, walianza kupanga.

Fundi aliuliza, "Kipini? Mto huu unakwenda wapi, si Kipini?" Mjomba wake alikuwa na mtumbwi. Mama wa Ngao akasema hapana, maji bado yana nguvu, mtazaa msiba mwingine, ngojeni yatulie. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe hukai mtumbwini na hayo magoti. Kula kwanza, mwanangu. Siku utakayomaliza sufuria yangu ndiyo siku utakayosafiri." Nilikula kama niliyeajiriwa kula. Na kila siku tulicheza, nikajifunza kubaki bomani. Ni kazi ngumu kuliko kukimbia, niaminini.

Maji yalipotulia tuliondoka asubuhi, fundi nyuma na kasia, mimi mbele. Morma hakuja, alisema maji ameshayaona ya kutosha. Alibaki na katoni yangu. Nyumbani kwao fundi, Ngao, walitupokea tukalala, kesho tukaendelea. Viboko tuliwapita kwa mbali, mara mbili tulipotea kwenye mashamba yaliyofurika tukidhani ni mto. Sikufungua mdomo kulalamika. Niliogopa jambo moja tu, lililokuwa mbele yangu.

Kipini nilimkuta mke wangu mlangoni. Amekonda, amejifunga leso kichwani, mtoto yuko begani kwake. Walikuwa hai wote wawili. Nilisimama uani na miguu yangu ya tope nikashindwa kupiga hatua. Hakupiga kelele, hakunikimbilia. Dereva wa basi alikuwa ameshapeleka habari kwamba alipiga honi, akapiga, nami nikaendelea kuuza.

Akaniuliza, "Honi hukuisikia?"

Nikasema, "Niliisikia."

Akanipa mtoto nimshike, akaingia ndani, na nikamsikia analia huko ndani. Kujifungua kulikuwa kugumu, aliniambia baadaye, na alikuwa ananiita. Hilo siwezi kulirudisha. Kuna watu wanaotoa ushuhuda kwamba kila kitu kikawa kizuri. Mimi nasema tulipona, na pale penye kovu ukipagusa bado panauma.

Mengine mafupi. Kaseti Morma alizianika juani, moja moja, akazigeuza kama samaki. Nyingi zilikufa, chache zikafufuka, na ya vifaru ilikuwa mojawapo. Nimefungua chumba hapa Garsen, mnakijua, televisheni moja na benchi mbili. Vijana hucheza na kubishana ipi ni bora, hata wasiocheza hukaa kusikiliza. Bei ni ile ile asubuhi na jioni. Mke wangu na mtoto tumehamia nao hapa, wamekaa pale nyuma.

Nawashukuru. Mama wa uji, Mungu akujaze. Fundi, na wewe Morma, mko kwenye kona ile mmekaa pamoja, na najua hata sasa mnabishana chinichini. Nawashukuru nyote mliokuja kunielekeza vibaya siku ile. Kama nina la kuwaachia ni hili: ukimwona mtu amewageuzia watu mgongo, usimfuate na mawaidha. Kaa mlangoni pake, zungumza jambo unalolipenda kweli, kisha muulize na yeye anapenda nini.

Nimemaliza, na...

Mmelisikia? Basi la Witu hilo. Tazameni mlivyoshtuka! Mama wa kanga nyekundu ameshasimama! Kaeni, ndugu zangu. Kaeni, siuzi kitu.

Na mke wangu ananitazama, mmemwona? Kila honi ikilia hunitazama hivyo.

Nipo, mke wangu. Nimeisikia, na nipo.