Kadi Mpya, Windows ya Zamani

Mumbi alipanda basi Ruiru akiwa amepakata kadi mpya ya grafiksi aliyoinunua hapo mjini, maana ile ya kwanza iliungua na skrini ikawa giza. Jirani yake kitini, kijana fundi wa kompyuta, akalitazama boksi la kadi. "Mathe, Windows yako ni gani?"

"Saba."

"Hiyo kadi haitambui Saba. Weka Windows mpya."

"Nikiweka mpya, mashine yangu ya kudarizi, ya zamani vilevile, haitaongea na kompyuta. Beji za shule nizishone kwa mkono?"

"Basi rudisha, utafute kadi kuukuu."

"Nayo ikiungua?"

"Utafute nyingine."

"Mpaka lini, kijana?"

Basi likasimama Thika. "Hapo sasa," fundi akasema, akashuka.

Mumbi naye akashuka, akavuka barabara, akatafuta basi la kurudi Ruiru, kadi ikarudishwe dukani.