Mwalimu Antony Wanzala, Aliyetufundisha Kusimamisha Video

Baba yangu, Mwalimu Antony Wanzala, alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Funyula, Busia, akasoma huko huko hadi kidato cha nne, akahitimu ualimu mwaka 1997, na mwaka uliofuata akapanga chumba hapa Kianda, akawa anatembea kila asubuhi hadi shule moja ya Kawangware, alikofundisha hesabu miaka ishirini na mitano. Alimwoa mama yetu, Nafuna, tarehe 11 Disemba 1999, wakatupata mimi Seline na ndugu yangu Austin.

Shule zilipofungwa mwaka 2020 alianza kujirekodi kwa simu, somo la dakika sita la kutazamwa nyumbani, na ndani ya kila video alificha kosa moja, kama vile kujumlisha nusu na theluthi akapata mbili juu ya tano, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kusimamisha video hapo hapo, aandike dakika na sababu ya kumkatalia, na hata shule zilipofunguliwa, darasani ikawa ni kubishana tu. Mzazi mmoja aliiona video bila kujua kwamba kosa limewekwa makusudi, akaipeleka ofisini, ati huyu anapoteza watoto wetu, hata nusu hajui.

Sasa, ratiba mliyoshika inasema kwamba tarehe 3 Februari 2023 Mwalimu alistaafu kwa hiari. Aya hiyo ilitoka shuleni, na kamati ya mazishi imeniomba niisome vile ilivyo. Nimechoka, jameni, na sikuja kupigana, lakini hapo nasimamisha. Ukurasa wa pili, mstari wa tano: hakustaafu, alifutwa kazi, na barua ninayo, na alikuwa na miaka arobaini na minane. Watoto walipeleka madaftari yao kumtetea, hakuna aliyeyafungua.

Aliendelea kuwatumia video kutoka nyumbani, hata figo zilipoanza kumsumbua Januari 2024. Tarehe 2 Agosti 2025 alirekodi ya mwisho akiwa kitandani hospitalini, kuhusu asilimia, akamalizia kwa kusema Jumatatu atakuwa nyumbani. Austin akaandika: dakika ya tano, Baba, hiyo Jumatatu umeitoa wapi? Baba akamwekea alama ya vema, kama alivyomwekea kila aliyeliona kosa. Alituacha tarehe 9, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kianda waliotuchotea maji wiki nzima, na walimu wenzake waliokuja ingawa waliambiwa wasije. Mwalimu mkuu, asante pia kwa kufika, na kalamu iko hapa, ukitaka kurekebisha nakala yako.

Pumzika kwa amani, Baba. Kosa tumeliona.