Stuli ya Pili ya Leonidas Malongo

Wasikilizaji wapendwa wa Ngara na Biharamulo, jioni njema. Wekeni kazi chini kidogo, sogezeni redio. Leo tunamkumbuka Leonidas Malongo, mpima udongo. Ametutoka akiwa na miaka hamsini na minane. Hakuacha mke wala mtoto. Ameacha dada mmoja, Verediana, na chumba cha maabara pale Biharamulo.

Alikuwa akipima salfa. Si yote iliyomo ardhini, hapana. Ni ile tu ambayo mmea unaweza kuichukua. Verediana amenieleza, nami nawaeleza polepole. Alipima gramu kumi za udongo mkavu. Akatia maji ya dawa, akatikisa nusu saa, akachuja. Kinachotoka ni maji maangavu, kama ya kisima. Kisha akatia chumvi ya bariamu. Salfa ikiwepo, maji yanageuka kama yaliyooshewa mchele. Ukungu mzito, salfa nyingi. Mashine inapitisha mwanga na kusoma, upesi, kabla ukungu haujatuama.

Miaka sita iliyopita, Bi Dafroza wa Kasulo alimletea udongo ndani ya mfuko. Mahindi yake yalikuwa yakigeuka njano shambani, tena majani machanga ya juu, dalili ya kukosa salfa. Lakini kipimo kikaonyesha salfa tele. Leonidas akaandika: inatosha. Mama yule akapanda bila kuongeza kitu. Akavuna magunzi.

Mwaka uliofuata, Leonidas aliukuta ule mfuko kabatini. Kwenye pindo zimeganda chembe nyeupe za mbolea ya SA. Na SA ina salfa, wasikilizaji. Alikuwa amepima mfuko, si shamba.

Alipanda basi hadi Kasulo kuomba radhi. Dafroza akacheka. "Mwanangu, mfuko si ulikuwa wangu?"

"Ndiyo, mama. Ila kuuliza ilikuwa kazi yangu."

Tangu hapo aliuliza kila mtu: udongo umekuja na mfuko gani? Vijana wakamwita Bwana Mfuko. Akanunua na stuli ya pili, mwenye shamba akae aone mwenyewe. Lakini watu waliacha udongo mlangoni, wakaenda zao.

"Kaka aliifuta ile stuli kila asubuhi," anasema Verediana. "Nikamwambia, unamfutia nani? Akasema, Dafroza ameahidi kuja kutazama."

Dafroza alikuja Alhamisi. Udongo ulikuwa ndani ya sufuria safi, imefunikwa, imefungwa kwa kitenge.

"Shikamoo, mama," Verediana akamwamkia.

"Marahaba. Yuko wapi mpimaji wangu? Leo nimekuja kutazama."

"Tulimzika Jumatatu, mama."

Dafroza alikaa kwenye stuli ile, sufuria mapajani, akiitazama meza mpaka basi la Ngara lilipopiga honi.

Verediana, pole sana, mwanangu. Pole na ukoo wote wa Malongo. Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki, tujiulize ni nani anatungoja na kiti kilichofutwa.

Mezani imebaki mifuko kumi na minne, majina kwa mwandiko wake. Verediana amenisomea. Wa saba ni wangu. Niliuacha mlangoni, nikaenda sokoni.