Alhamisi za Mwalimu Clementina katika Chumba cha Mikeka

Tarehe 12 Juni mwaka huu, Mwalimu Clementina Kokushubira alistaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwafundisha watoto wa hapa Alby, pembezoni mwa Stockholm, uchezaji, chai na adabu za geisha wa Japani. Jarida la Kiswidi la jumba letu la sanaa limempa mistari minne na picha iliyomkata kichwa. Taarifa hii ya Kiswahili, ambayo sisi wafanyakazi huwaandikia wazazi, itampa ukurasa mzima, na asiyetaka asisome. Ninayeandika ni Wanjira wa mapokezi.

Niseme mapema kwamba sina furaha, na msitegemee nijifanye ninayo. Mwalimu ameondoka bila mrithi. Si kwamba hakutafuta. Kwa miaka mitatu aliiomba bodi ya jumba imwajiri mtu wa kumfundisha kazi, na kwa miaka mitatu aliambiwa jambo hilo linaangaliwa. Mwezi wa Mei akapunguza ombi: aruhusiwe tu kuja bure kila Alhamisi, ili watoto wasikatiwe katikati. Jibu likaja kwamba chumba chake cha mikeka kitageuzwa kuwa cha mikutano ya video. Basi, hivyo tu. Tangu siku hiyo watoto walikuwa wakituuliza kama atarudi.

Mwalimu ni mzaliwa wa Bukoba. Mwaka 1984 alipata nafasi ya kwenda Kyoto kujifunza kutia hariri rangi, na mama aliyempangisha chumba alikuwa geisha mstaafu. Mchana Clementina alishinda na vitambaa vyake, jioni mama yule alimkalisha sakafuni na kumfundisha kucheza na pepeo la kukunja. Ilikuwa hivyo miaka mitano. Baadaye aliolewa, mumewe akapata kazi Stockholm, naye akafundisha ushonaji katika mtaa wa Hässelby mpaka jumba letu lilipomchukua.

Hilo neno geisha lilituletea moto, msione hivi. Kimani, baba mmoja wa mtaa jirani wa Tumba ambaye ni mzee wa kanisa, alikuja mapokezi amefura, akitaka kujua ni nani aliyeturuhusu kumfundisha binti yake umalaya. Mwalimu hakubishana naye. Alimwambia avue viatu, aingie, apige magoti kama watoto na aangalie. Akamwona binti yake akifungua mlango wa karatasi kwa mikono miwili, akiweka pepeo mbele ya magoti kabla ya kuinama, akimimina chai bila kumwaga hata tone. Akasikia Mwalimu akiwaeleza watoto kwamba geisha ni mtu aliyeifanya sanaa kuwa kazi yake, akasota miaka mingi kujifunza kucheza, kupiga ala na kumkaribisha mgeni. Somo lilipoisha Kimani alishindwa kusimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, ikabidi mimi na Alphonse wa jikoni tumwinue, kila mtu na kwapa lake. Tangu hapo hakukosa Alhamisi hata moja, ila aliomba kiti.

Watoto walipotaka kupakwa uso mweupe kama kwenye picha, Mwalimu aliwaambia rangi ile ilikuwa ya vyumba vya mishumaa, ili uso uonekane gizani. Hapa taa tunazo, akasema, na nyuso zenu zinaonekana vizuri sana. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilirudi mezani kwangu nikalia, wala sioni haya kusema.

Siku nyingine mwanafunzi mmoja, Yvan, akauliza shamisen, ile ala ya nyuzi tatu, imewambwa ngozi gani. Mtu mwingine angezunguka mbuyu. Mwalimu akasema ni ya paka. Wueh! Nusu ya darasa ilitoka inalia, na simu za wazazi zikanisumbua mpaka Jumatatu.

Kazi yake haina kombe wala cheti ukutani. Lakini nendeni nyumba yoyote yenye mtoto aliyepita kwake, mtakuta mabuti ya theluji yamepangwa, ncha zimeelekezwa mlangoni. Na hawa watoto wetu, ambao hata ukiwaita kula wanakujibu Kiswidi, kwake walisema Kiswahili. Aliwakaripia kwa Kiswahili, nao walitaka kujitetea.

Sasa nifike Alhamisi ya mwisho. Alphonse ni Mkongo, na kwake hakuna shughuli bila sufuria kubwa. Aliamua kila mtoto aende nyumbani na kiboksi cha chakula. Akapika wali, akauchanganya na maharage mekundu, akapakia, nami nikamsaidia kufunga vifuniko. Tulijiona tumefanya la maana.

Watoto walipofungua tu, chumba kililipuka. Walirukaruka, walipiga kelele, na Glody, msichana wa miaka tisa, akamrukia Mwalimu shingoni akilia kwa furaha kwamba anarudi, anarudi! Sisi watu wazima tukapiga makofi, tukidhani ni njaa, hilo la kurudi tusilielewe. Kumbe wiki chache kabla, Mwalimu alikuwa amewafundisha jinsi geisha anavyoaga kazi: huwagawia wali watu waliomlea na kumsaidia. Ukiwa mweupe mtupu, ameondoka moja kwa moja. Ukiwa na maharage mekundu ndani yake, huenda siku moja akarudi.

Mwalimu angeweza kunyamaza. Haki, ningekuwa mimi ningenyamaza, watoto wakalala vizuri angalau usiku ule. Yeye aliketi mkekani, akamkalisha Glody mbele yake, akachukua vijiti vya kulia na kuanza kutoa maharage kwenye kiboksi cha mtoto, moja moja, akiyaweka kwenye kifuniko. Glody alitazama, akaelewa. Akakivuta kiboksi kwake na kuendelea kuyatoa mwenyewe kwa vidole. Wenzake wakaona. Mmoja mmoja wakaketi, wakaanza kuchambua maharage yao, na friji ya jikoni ikasikika ikiunguruma. Alphonse alitoka nje. Nilimkuta nyuma ya jengo amejifunika uso kwa aproni.

Mwalimu Clementina, ahsante. Ahsante kwa watoto wetu, na kwa kutowadanganya hata siku tuliyotamani uwadanganye. Tunakuombea afya, magoti yasiyouma, na wajukuu wa kukuchosha. Hapa mwishoni huwa tunawaandikia wastaafu wetu kwamba wakaribie tena wakati wowote. Safari hii siandiki. Taarifa hii itasomwa nyumbani kwa sauti, na Glody atakuwa anasikiliza.